Nusu ya Miezi, Nusu ya Deni

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alishona sare za shule miaka thelathini na moja, na hakuna mwenye duka aliyewahi kumpunja sentimita moja ya kitambaa. Alinilea tangu nikiwa na miaka sita, akanisomesha kwa cherehani hiyohiyo hadi nikawa mwalimu wa hesabu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu linaniuma.

Mkopo aliuchukua akiwa na miaka hamsini na mbili: milioni ishirini, miaka kumi, riba isiyobadilika ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, na dhamana ni nyumba yake ya vyumba vitatu. Kibanda chake cha kushonea kikawa karakana yenye mashine nne za umeme na wasichana wawili wa kumsaidia kushona. Kila mwezi alilipa laki tatu na sitini na ushei. Akirudi kutoka kulipa, alitoa kifungo kimoja cha shati kwenye kopo la maziwa akakitia kwenye kopo jingine. Vilikuwa mia na ishirini, vyote vyeupe, vyote sawa.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," alikuwa akisema huku akifunika kopo. "Lakini matanga nayo huanuliwa."

Mwaka wa tano macho yakaanza kumsaliti. Palipo na uzi mmoja akaona mbili. Fundi mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye watu walimwita Mkasi kwa ulimi wake, akataka kununua karakana nzima kwa milioni kumi. Shangazi alitaka jambo moja tu: hati ya nyumba irudi mkononi mwake kabla hajashindwa kuisoma. Vifungo sitini vilikuwa vimeshahama. Akanipigia simu.

"Mwanangu, hivi nimebakiza deni kiasi gani?"

Nilikuwa nasahihisha mitihani, na alikuwa ameshanipigia mara mbili asubuhi hiyo. "Imebaki miezi mingapi?"

"Sitini."

"Si ndiyo nusu, Shangazi? Nusu ya miezi, nusu ya deni. Milioni kumi."

"Una uhakika?"

"Shangazi, mimi nafundisha hesabu!"

Simu yenyewe haikumaliza dakika moja. Kesho yake akauza.

Kwenye ofisi ya mikopo nilimsindikiza mwenyewe, tena nimevaa tai. Afisa mikopo, mama mmoja mpole, aligeuza kompyuta tuone. Deni lililobaki lilikuwa milioni kumi na nne, laki moja na elfu tisini na moja. Shangazi aliitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Riba inakatwa kwanza, mama," afisa alieleza. "Inapigwa kwenye deni lililobaki. Mwezi wa kwanza ulidaiwa milioni ishirini nzima, kwa hiyo katika ile laki tatu na sitini, laki tatu ilikuwa riba. Elfu sitini tu ndiyo iliyopunguza deni. Mwezi wa pili deni limeshuka kidogo, na riba nayo imeshuka kidogo. Kisichobadilika ni asilimia na kile unacholeta. Imo kwenye jedwali ulilopewa."

Kila neno nililijua. Nimelifundisha ubaoni mwaka baada ya mwaka, nimewakata watoto wa watu alama kwa kulikosea. Kifungo chake cha kwanza hakikuwa kifungo, kilikuwa kipande tu. Nilijichukia pale kitini, na bado.

"Kwa hiyo hizi kumi hazitoshi?" Shangazi aliuliza.

"Zinapunguza sana, mama. Ila hati haitoki mpaka deni liishe."

Akalipa zote. Zikabaki milioni nne na ushei, na karakana si yake tena. Nilimwendea Mkasi kumsihi avunje mauziano. "Mwalimu," akanijibu, "hesabu mlipiga nyinyi, sasa mnaniletea mimi kilio?"

Sasa Shangazi ni kibarua wa Mkasi. Anatia vifungo na kukunja mapindo mlemle karakanani, analipwa kwa idadi ya nguo. Mimi naongezea kutoka kwenye mshahara wangu ili rejesho litimie. Hajanigombeza hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Wiki iliyopita nilimpelekea pale karakanani jedwali jipya nililoliandika kwa tarakimu kubwa: kila mwezi riba yake, kinachopunguza deni, na salio. Miezi kumi na mitatu, basi. Aliusogeza ule ukurasa karibu na pua, akapita mstari kwa mstari, akanishukuru. Kisha akamgeukia msichana wa mashine ya mwisho, mmoja wa wale wawili, aliyeacha shule darasa la saba.

"Hebu washa simu yako, unipigie hii hesabu upya."

Msichana alinitazama kwa aibu, akaacha kushona. Akapiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Nikasimama nikisubiri.

"Iko sawa, fundi," akasema.

Ndipo Shangazi akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.