Majirani wa Mvua Moja

Nimechoka. Nalisema mapema, asije mtu akadhani hapa pana hadithi ya ushujaa.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa mikopo katika chama kidogo cha akiba hapa Arua. Tulipokea akiba za walimu na wauza nguo, tukawakopesha wakulima wa simsim, yaani ufuta, upande wa Koboko. Wakulima hawakuwa na hati za ardhi za kuweka rehani, basi nikabuni sharti langu, na nilivyojisifu nalo! Watu watano wadhaminiane, na wote wawe majirani. Mmoja akishindwa, wanne wamlipie. Nani atamtoroka jirani yake?

Kiongozi wa kikundi kimoja, mjane mwenye sauti nzito, aliniangalia siku ya kutia vidole wino. "Mtoto yangu, sisi wote iko na shamba kwa mto moja. Mvua ikikataa mimi, itakubali huyu?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi, nikasema Mungu hawezi kuwanyima wote watano.

Loo! Vilinyimwa vikundi vyote. Msimu wa kwanza jua lilikausha maua. Wa pili mvua ikaja simsim imeshakatwa, imesimamishwa matita matita shambani ikauke, ikaoza palepale. Hakuna mdhamini aliyekuwa na cha kumdhamini mwenzake. Habari ilipofika mjini, wenye akiba walijaa mlangoni wakidai fedha zao, na fedha iliyokuwepo ikaisha siku hiyohiyo.

Mama yangu hakuwemo kwenye foleni ile. Anakaa Mvara, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na pesa ya upasuaji aliiweka kwetu kwa neno langu. Apange foleni ya nini, na mwanawe yuko ndani?

Nikaenda Koboko kwa yule mjane, nimeapa sirudi mikono mitupu. Hakubishana. Aliingia ndani akatoka na gunia. "Chukua. Hii tu ndio iko."

Nikatia mkono. Simsim safi, imepepetwa, imechaguliwa. Ilikuwa mbegu. Majirani wake wanne walikuwa wamesimama nyuma yake, macho kwenye gunia, nikajua ni mbegu ya wote watano. Sokoni ingetosha kulipia jicho moja. Wallahi niliwaza kumruka kila mtu wa ile foleni nimpe mama yangu kwanza. Niiteni mwizi, nimechoka kukana.

Nikalisukuma gunia kwake. Lakini msinisifu. Wasipopanda, nani atalipwa, na kwa kitu gani?

Jioni nilimkuta mama anamenya muhogo kwa kupapasa. Nikamweleza yote, hata lile gunia. Kisu kikasimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Wamepanda?"

"Bado. Wanangoja mvua."

"Haya. Basi na mimi nitangoja nao."

Nilitamani anitukane. Badala yake aliniomba nitoke uani nimtazamie kama upande wa Koboko kuna wingu. Nilitoka. Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata doa.

"Lipo, mama," nikasema. "Dogo, lakini lipo."

Akatabasamu. Ameniamini tena.