Sauti Nyuma ya Uzio wa Minyaa

Sabina Hhando alirudishiwa kazi yake ikiwa na swali moja tu la wino mwekundu ukurasa wa kwanza: "Na wewe uko wapi humu?"

Ilikuwa mwaka 2003. Alikuwa muuguzi aliyegeuka mnasihi katika zahanati moja ya Karatu, na kila mwisho wa mwezi alipanda basi kwenda Arusha kusomea shahada ya uzamili ya unasihi. Alikuwa ameandika juu ya wanawake wa Kiiraqw waliofiwa na watoto wachanga, na juu ya metimani, ile desturi ya kuiweka kando nyumba iliyofikwa na kifo cha namna hiyo. Hakuna kutembelewa, hakuna kuchota maji pamoja na wengine, hakuna kuomba moto kwa jirani, mpaka muda wake upite. Katika kurasa zake zote Sabina aliiita kutengwa.

Msimamizi wake, Dakta Eliaichi, mama wa Kichaga asiyependa maneno mengi, alisukuma kazi ile upande wa pili wa meza.

"Njia uliyoichagua inaanza na mtafiti mwenyewe," alisema. "Unalichukua jambo linalokukosesha raha, unakaa nalo mpaka likuambie kitu. Siku ile kwenye chai uliniambia nyumba yenu iliwahi kuwa ndani ya metimani. Mbona humu nawaona wake za watu tu?"

"Nilikuwa mtoto, Dakta. Anayejua ni mama."

"Basi nenda kwa mama. Bila yeye hii ni ripoti. Siwezi kuipitisha."

Maneno rahisi hayo, kwa mtu asiyemjua Marsela, mama yake Sabina. Tangu kichanga wake Raphael alipofariki, mama huyo hakuwahi kuutaja mwaka ule, hata kwa paroko. Sabina alikulia pembeni mwa ukimya huo kama mtu anayekulia pembeni mwa korongo: anajua lilipo, hachungulii.

Kaka yake Simon, dereva wa watalii, alimpeleka Buger, kijijini kwa mama yao, siku ambayo hakuwa na wageni wa kushusha kreta kuona wanyama.

"Dada, niambie vizuri," alisema, gari likikata kona za vumbi. "Wageni wangu wanatoa pesa wakaone simba. Wewe unatoa pesa ujione mwenyewe. Si ungenunua kioo?"

"Endesha gari, Simon."

"Naendesha. Ila ukijiona unisalimie."

Walimkuta Marsela uani akipura maharage. Simon alienda kuwaona rafiki zake. Sabina akavuta kigoda karibu kabisa, kama alivyofundishwa, akainama mbele, akainamisha na kichwa kidogo, akalegeza sauti.

"Ayo," alisema, kwani mama kwa Kiiraqw ndivyo aitwavyo, "mwaka ule ulijisikiaje?"

Marsela akamtazama. "Mbona unanong'ona, kuna mgonjwa? Na hiyo shingo, umelala vibaya?"

Kisha akarudi kwenye maharage yake, na uso wake ukafungwa. Sabina alijaribu tena, kwa upole zaidi, na uso ukafungwa zaidi. Alijiona akirudi Arusha mikono mitupu. Hasira ikampanda. Akainuka, akaokota fimbo nyingine, akaenda kusimama ng'ambo ya lundo, akaanza kupura kwa nguvu hata maganda yakaruka. Na akiwa huko, bila kumtazama mama yake, akasema kwa sauti:

"Mimi niliuchukia mwaka ule! Nilikwenda kisimani, watoto wakakimbia wakaacha ndoo zao. Nikajua mimi ndiye niliyemuua Raphael."

Fimbo ya Marsela ikasimama hewani.

"Nani alikuambia hivyo?" aliuliza, naye kwa sauti ya kuvuka lundo.

"Hakuna. Hakuna aliyesema nasi neno, hakuna aliyekuja."

"Hakuna aliyekuja? Na Mama Tluway?"

"Yule kichaa aliyekuwa akimtukana mbuzi?"

Marsela alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda. "Kichaa! Mwanangu, yule mbuzi hakuwa na kosa lolote."

Jirani alikatazwa kusema nao, Marsela akaeleza. Lakini nani amkataze mtu kumkaripia mnyama wake? Basi kila asubuhi Mama Tluway alimfunga mbuzi nyuma ya uzio wa minyaa, akaanza: "We mbuzi, umekula leo? Usinidanganye! Mtu asiyekula kwa huzuni ataniona mimi! Sikia we mwenye masikio, mvua imenyesha Rhotia! Na yule binti wa Hhando, baridi yote hii, hana sweta?" Kesho yake sweta la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye minyaa.

Sabina alilikumbuka. Alilivaa miaka, na madoa yake ya utomvu, bila kuuliza lilitoka wapi.

"Tulikaa kando, sikatai," Marsela alisema. "Lakini mtu aliyetengwa hatafutiwi mbuzi wa kutukanwa." Akakung'uta maganda kwenye khanga. "Ila usije ukaandika ilikuwa nzuri. Nilitaka mtu anishike, hapa begani tu. Mbuzi hakuweza hilo. Andika yote mawili."

Sabina aliandika yote mawili. Ilimchukua mwaka mzima, kwa sababu mengine hayakuja mpaka alipoacha kuyatafuta. Neno kutengwa alilifuta karibu kila mahali, akaliacha pale tu lilipostahili. Katika zahanati nako alianza kuwapokea wanawake wa Buger akiwa na uteo wa maharage ya kuchambua, akikaa mbali kidogo, macho kwenye kazi. Nao, waliokuwa wakija mara moja na kupotea, wakaanza kurudi.

Kabla ya kuipeleka kazi Arusha, alimsomea mama yake sura ile, akiigeuza kwa Kiiraqw sentensi kwa sentensi, wamekaa mbele ya nyumba Jumapili asubuhi. Marsela alisikiliza mikono ikiwa magotini. Alisahihisha rangi ya mbuzi. Mahali pa Raphael aliomba parudiwe.

"Na huyu Mama M ni nani?"

"Ni wewe, Ayo. Sisi watafiti hatuandiki majina ya watu. Tunawaficha, wasije wakaaibika."

"Nilishafichwa mara moja," Marsela alisema. "Inatosha. Weka jina langu, na la mtoto wangu, na la Mama Tluway, Mungu amrehemu. Huyo Dakta wako akikataa, mwambie aje."

Dakta hakukataa. Lakini asubuhi ile Marsela hakuwa na haja ya kusubiri jibu la Arusha. Wanawake waliokuwa wakielekea kanisani walikuwa wamepunguza mwendo njiani, wakitega sikio. Aliwaona, akanyoosha mgongo, akavuta khanga yake vizuri mabegani.

"Anza tena mwanzo," akamwambia binti yake. "Na usisome kama unamwamsha mgonjwa."