Kasiani, Mkimbia Salfa

Kasiani alizaliwa Nanyamba mwaka 1974 na akakabidhiwa kwa mjomba wake. Kwingine mtoto husajiliwa serikalini. Kwao Kasiani mtoto ni wa kaka wa mama, serikali huja baadaye ikipata gari. Baba alikuwepo, mtu mpole, hakumsumbua mtu. Lakini mambo mazito, yaani shule, jando, ndoa, na nani atabeba mashine ya salfa, yaliamuliwa na Mjomba Josephu, mwenye mikorosho mia mbili na arobaini na mpwa mmoja wa kiume.

Salfa ni unga wa njano. Kuanzia Juni hupulizwa kwenye mikorosho ili maua yasiliwe na ukungu. Mashine yake ina injini na hubebwa mgongoni, na kazi huanza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ili unga unate. Unanata vizuri. Tatizo ni kwamba unga huo hautofautishi jani na jicho, na mtu aliyepuliza kuanzia saa kumi na moja hufika saa tatu akilia kama mfiwa, huku wenzake wakimuuliza kama chai ataiweza.

Kasiani alilia misimu sita. Mwaka 1996 mjomba alimtuma Mtwara mjini akanunue plagi ya mashine. Plagi ilirudi Nanyamba, mikononi mwa jirani. Kasiani hakurudi.

Mjini alibeba magunia bandarini, magunia ya korosho zilezile alizozikimbia, ila sasa zilikuwa kimya na hazina unga. Kiingereza alikiokota hapohapo kwa mabaharia, ndiyo maana miaka ya mwanzo aliwatukana watu akidhani anawasalimia. Halafu siku moja mwaka 1999, stendi, wageni wawili wenye mabegi makubwa kama majokofu wakamuuliza njia ya Msimbati. Hakuwa ameiona Msimbati maisha yake yote. Akasema naijua, akabeba begi moja, wakaenda. Waliporudi wakamshukuru kwa kuwapotezea siku mbili. Hapo ndipo alipoona kuna kazi.

Wazungu wa mabegi, watu wa Ufukoni, mtaa wa Mtwara alikopanga Kasiani, walishindwa kuwaelewa. Ni watu waliosoma, wana nyumba kwao zenye maji ya moto, wakachagua kwa hiari kutembea juani na kulala kwenye hema penye mbu. Wengi mtaani waliamini kuna jambo baya walilifanya kwao. Kasiani hakuchunguza. Aliwapeleka Mikindani waone majumba mabovu, Msimbati waone mchanga, na wenye miguu aliwapeleka hadi mdomo wa Ruvuma waone viboko. Lakini kilichowavuta zaidi ni kisiwa kimoja kidogo ng'ambo ya Msimbati, kisiwa cha mchanga mtupu, hakina hata mti wa kusingizia kivuli. Maji yakipwa unakiendea kwa miguu. Maji yakijaa, umekaa.

Kwa hiyo Kasiani alikuwa na kadi. Aliandikiwa na Thabiti, mvuvi wa Msimbati mwenye mtumbwi na mdomo. Watu wa pwani husoma bahari kwa tarehe ya mwezi ulioandama angani, siyo ule wa ukutani, na kadi ilisema hivyo: mwezi kumi na tano, maji yako chini kabisa saa tano asubuhi, rudi kabla ya saa saba. Mwezi kumi na sita, ongeza dakika hamsini. Na kuendelea. Kazi ya Kasiani ilikuwa kujua tu leo mwezi ngapi, na yeye, Mkatoliki wa bara, alimuuliza mwenye nyumba wake, Mzee Salumu, aliyekuwa akishinda barazani na tarehe zote za Kiislamu kichwani.

Kwa miaka mitatu mpango huo haukuwa na kasoro.

Mwezi Mei mwaka 2002, Mjomba Josephu akaingia Ufukoni bila taarifa, koti la sufu mwilini, kiroba cha korosho za kukaanga begani. Alikaa kwenye kigoda akamtazama mpwa wake kama mtu anayekagua mti uliokataa kuzaa.

"Nimeambiwa una kazi," alisema.

"Ninayo, mjomba. Utalii."

"Ofisi iko wapi?"

"Haina ofisi."

"Unafanya nini?"

"Natembea na wageni."

Mjomba alitafuna korosho moja hadi ikaisha. "Mama yako Modesta ananililia kila siku nikuache. Sawa. Nitatembea na wewe. Nikiona ni kazi, unabaki na sitakuita tena. Nikiona ni uzururaji, Jumatatu ijayo uko chini ya mkorosho na mashine mgongoni. Mwaka huu nimenunua mashine mpya. Ni nzito kidogo."

Kasiani alikuwa na wageni wawili wa kuondoka nao kesho yake: Irene, Mdenmaki aliyefundisha Morogoro miezi minane na kurudi na Kiswahili cha ubao, na rafikiye wa kiume ambaye jina lake halikutamkika, mtaa mzima ukamwita Mrefu. Safari ilikuwa ya siku tatu: Msimbati, kisiwa, mdomo wa Ruvuma. Kabla ya kulala, Kasiani akapita barazani.

"Shikamoo mzee. Leo mwezi ngapi?"

"Marahaba. Kumi na nne," akasema Mzee Salumu.

Kasiani akahesabu: kesho Msimbati, keshokutwa kisiwani, mwezi kumi na sita. Akashukuru.

Kilichompita ni hiki. Miezi miwili nyuma Mzee Salumu na wenzake wachache msikitini waliacha kungoja mwezi uonekane Mtwara, wakaanza kufuata ule uliotangazwa ng'ambo, ambao huwahi siku moja. Mkewe, Bi Farida, alikataa. Alisema mwezi ataufuata akiuona kwa macho yake, la sivyo uendelee na safari zake. Mwezi huo wa Maulidi mzee alikula pilau yake Ijumaa, mkewe akapika yake Jumamosi, na mzee akala tena, maana msimamo wake haukuhusu nyama. Nyumba moja, tarehe mbili. Kasiani alifurahia pilau mbili bila kujiuliza zinatoka wapi. Angezunguka uani akamuuliza Bi Farida aliyekuwa akichambua mchele, angeambiwa kumi na tatu. Lakini uani kulikuwa na tope.

Walifika Msimbati juu ya lori lililokwenda kufuata samaki. Kwenye ofisi ya kijiji mtendaji akafungua kitabu cha wageni, kila mtu ajaze. Irene akaandika madhumuni ya safari: matembezi. Mrefu akaandika kitu kirefu ambacho mtendaji alikigongea muhuri bila kukisoma. Mjomba Josephu akaandika kwa herufi kubwa: KUKAGUA MPWA. Mtendaji akamtazama, akamtazama mpwa, akagonga muhuri kwa heshima zaidi.

Asubuhi ya pili, saa nne na robo, wakavuka kwenda kisiwani. Maji yalikuwa chini ya magoti na yanaendelea kushuka, mchanga mgumu, kaa wakikimbia pembeni. Mjomba alivua viatu akavining'iniza shingoni, koti hakulivua.

"Wametoka wapi hawa?" alimuuliza mpwa wake njiani.

"Kwao, mjomba."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwao."

"Hapa katikati wanatafuta nini?"

"Hakuna."

Mjomba akatembea hatua kumi. "Basi ni wagonjwa, na wewe ni mwuguzi."

Kisiwani wageni walifanya kazi iliyowaleta: walilala. Walijipaka mafuta, wakageuzana kama mihogo kwenye makaa. Mjomba akakaa kwenye mchanga wima na koti lake, akitazama. Kila nusu saa alimuuliza Kasiani, "Sasa ndiyo wanafanya nini?" Kasiani akajibu, "Wanapumzika." Mjomba akauliza wamechoshwa na nini. Kasiani alianza kuhisi uzito wa mashine mpya mgongoni.

Lakini kadi ilikuwa upande wake. Mwezi kumi na sita: rudi kabla ya saa nane kasoro dakika kumi. Saa saba na nusu, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake na anataka asikike na mkaguzi, akatangaza: "Jamani, muda umefika. Bahari ina ratiba."

Wakakusanya mabegi, wakashuka hadi mahali pa kuvukia. Pale palipokuwa na mchanga na kaa palikuwa na bahari, ya kijani, inakwenda mbio. Kasiani akaingia, hatua tano, ikamfika kifuani ikataka kumchukua. Akarudi. Akatoa kadi, akaisoma upya, labda imebadilika.

Mrefu akauliza kwa Kiingereza kama hii nayo imo kwenye bei.

"Mpwa," akasema mjomba kwa utulivu, "bahari haijasoma karatasi yako."

Basi wakakaa. Jua lilikuwa pale pale juu, kivuli kilikuwa kimoja tu, cha Mrefu, na Irene alikuwa ameshakikalia. Chupa za maji zilikuwa mbili. Kisiwa kilianza kupungua pembeni, taratibu, bila kelele. Kasiani alirudisha kadi mfukoni. Hakuhofia kufa, maana katikati ya kisiwa palibaki pakavu siku zote. Alihofia Jumatatu.

Njaa ndiyo iliyomtoa mjomba kwenye ukaguzi. Alifungua kiroba akawagawia wote korosho. Irene akatafuna, akafumba macho, akauliza zinatoka wapi.

"Kwangu," mjomba akasema.

"Wewe una miti?"

Hilo swali halikuwa limewahi kuulizwa na mtu aliyetaka kweli jibu lake. Mjomba Josephu akasogea. Alianza na babu yake aliyepanda miti ya kwanza, akapita kwenye bibo, tunda la mkorosho, na togwa yake na gongo yake, akatua kwenye ukungu, akaeleza salfa, mashine, umande, alfajiri. Alisema Kiswahili cha bara, kila neno akilitua chini kama gunia. Irene akamtafsiria Mrefu, Mrefu akaketi wima kwa mara ya kwanza tangu Mtwara, akatoa daftari. Aliuliza mashine ina uzito gani. Aliuliza unga una rangi gani hasa. Aliuliza kama jua huchomoza wakati unga ungali hewani.

"Huchomoza," mjomba akasema, "lakini wewe hulioni, unalia."

Irene alipotafsiri hilo, Mrefu akasema kitu kwa msisimko. "Anasema ni lazima tuone," Irene akaeleza. "Anauliza kama wageni wanaruhusiwa."

Kasiani akainua kichwa. Mjomba hakumtazama.

Saa kumi Thabiti akatokea na mtumbwi wake, akiwa ametoka kutega. Aliwaona kwa mbali, akapunguza kasia ili afurahie vizuri.

"Kasiani! Kwani leo kwenu mwezi ngapi?"

"Kumi na sita."

"Kwa nani?"

"Kwa Mzee Salumu."

"Salumu ana bahari yake?" Akausogeza mtumbwi. "Leo kumi na tano, bwana. Maji yameanza kurudi saa tano, wewe unawaanika watu. Na huyu mzee wa koti nani, mmemletea baridi?"

"Ni mjomba wangu."

"Aa, watu wa korosho. Shikamoo mzee. Ingia, ila koti litakaa upande wake, maana linaweza kutuzamisha."

"Marahaba," mjomba akasema akiingia. "Koti hili limevuka Ruvuma mara nne, wewe ulikuwa hujajua kufunga suruali."

Thabiti akacheka, wakaelewana tangu hapo. Alivusha wawili wawili. Kasiani alibaki wa mwisho na mabegi.

Usiku haukuisha bila hukumu. Wakiwa wanakula wali na samaki kwa Thabiti, mjomba akanawa mikono akasema:

"Kasiani, nimekagua. Nilidhani ni uzururaji. Siyo uzururaji. Hii ni kazi, na ni kazi nzuri. Watu wanatoka mbali, wanakusikiliza, wamepigwa jua mchana kutwa kwa kosa lako na bado wanakuita rafiki. Mimi wanunuzi wa korosho nimewafahamu miaka ishirini, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita rafiki."

Kasiani akahisi mgongo unapata wepesi. "Ahsante mjomba."

"Kosa lake ni moja," mjomba akaendelea. "Inafanyika pwani. Huku kuna maji. Kazi hii ihamie Nanyamba."

Kasiani alitaka kusema kitu kuhusu mdomo wa Ruvuma na viboko. Irene na Mrefu walishaanza kuulizana gari la Nanyamba linaondoka saa ngapi. Viboko, Mrefu alisema, amewaona kwingine.

Jumatatu alfajiri Kasiani alikuwa chini ya mkorosho. Mashine mpya ilikuwa nzito, na siyo kidogo. Mjomba ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara: alisimama mbele na koti lake, akionyesha kwa fimbo, huyu ndiye babu wa miti yote, kaeni upande huu, upepo unatoka kule. Mpwa mwenye kujua Kiingereza ndiye pekee aliyeweza kueleza mambo ya mashine, na aeleze akiwa ameivaa, ndivyo wanavyoelewa. Mama Modesta alipika uji wa wageni, akifurahi kwamba mwanawe amepata kazi na yuko nyumbani.

Injini ikanguruma. Unga ukapanda mweupe-njano, ukatanda kwenye majani, jua likatokea nyuma yake. Irene alisema ni kama ndoto. Mrefu, kitambaa puani, alipiga picha filamu nzima, akaweka nyingine, kisha akasogea karibu na Kasiani akampigia kelele swali kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" mjomba akauliza.

Kasiani akazima injini. Macho yake yalikuwa mekundu, machozi yamechora mifereji miwili kwenye unga hadi kidevuni.

"Anauliza kama inauma macho."

"Mwambie haiumi."

Kasiani akageuka, akamwambia haiumi.