Siku Waliyolitia Gari Ziwani

Hadi leo nikipita ufukweni nikakuta gari limeingizwa majini hadi nusu ya matairi, milango wazi, redio inapiga, mwenyewe kasimama kando na sabuni ya unga, damu inanichemka. Mwanza tuna mabomba. Tuna ndoo, tuna madumu, tuna mvua za kutosha. Lakini gari lazima lipelekwe ziwani likaoge kama ng'ombe, na ukimuuliza mtu kwa nini, anakushangaa wewe.

Letu nalo lilipelekwa. Nasema letu, ingawa kwa karatasi lilikuwa la baba. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, milango miwili, viti viwili, paa la turubai la kukunja, na lilikaa chini mno hata ukiwa ndani unaweza kunyoosha mkono ukagusa lami. Baba alikuwa dereva wa Mhindi mwenye kinu cha kuchambua pamba, familia iliyokaa Mwanza tangu zamani za mababu zao. Walipohamia ng'ambo gari lilikuwa limeshakufa, wakamwachia baba kwa kuwa ndiye pekee aliyelionea huruma. Majirani walimsaidia kulisukuma hadi Pasiansi. Likafunikwa nyuma ya nyumba yetu, likakaa hapo miaka yote ya foleni za sukari na sabuni, na kuku wakataga kwenye viti vyake vya ngozi. Mama yangu alikufa akiliita jeneza la Mzungu.

Soko huria lilipokuja, kila kitu kikaingia nchini isipokuwa tulichokihitaji. Magari ya Kijapani yaliyotumika yalijaa mjini, meupe matupu, na kila aliyepita kwetu akanishauri tuuze kile chuma chakavu tununue gari la watu. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, nasimamia ubora, maana yake nashinda kwenye barafu nikiwafokea watu wavae kofia. Kila senti iliyobaki iliishia kwenye lile gari. Raba za breki na gasketi zilipitia Nairobi mikononi mwa wasafiri, zikavuka mpaka wa Sirari katikati ya magunia ya mitumba, na mara mbili zikaja ambazo si zake. Nilitukana, tukasubiri, tukaagiza tena.

Haraka yangu ilikuwa na sababu moja. Baba alikuwa na presha ya macho. Alienda hospitali peke yake, kama alivyofanya mambo yake yote, akarudi akaniambia daktari amesema ataona vizuri tu mpaka mwaka uishe, baada ya hapo Mungu ndiye anajua. Basi mimi nikaweka nadhiri: kabla mwaka haujaisha, baba ataliendesha gari hili mwenyewe, mchana kweupe, kutoka Pasiansi, tupite mjini, tuvuke Mkolani, na huko mbele barabara ikinyooka alikanyage. Maisha yake yote alikuwa ameendesha lile gari likiwa la mtu mwingine. Nilitaka aliendeshe likiwa lake, walau mara moja, akiiona barabara.

Tulifanya kazi kila jioni na kila Jumamosi. Mimi nilipiga msasa bodi hadi kucha zikaisha, baba akafungua injini. Alikuwa fundi wa mikono. Alizigusa nati akazijua, alipitisha kidole kwenye silinda akakwambia imeliwa upande gani. Gari lile lina kabureta mbili, na zisipopumua sawasawa linakohoa. Baba alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza moja, akasikiliza nyingine, akakaza skrubu kidogo, akasikiliza tena. Alifunga macho kabisa akifanya hivyo. Nami nilisimama na tochi nikijiona sina kazi, na nilifurahi.

Lilipowaka kuku waliruka juu ya paa la jirani. Mimi ndiye niliyeliendesha siku hiyo, hadi karibu na uwanja wa ndege na kurudi, baba pembeni yangu, kofia mkononi isipeperuke. Mlio wake ulikuwa mzito, si kelele, na ukikanyaga mafuta unausikia mgongoni. Akina mama wa dagaa waliacha kuanika wakatupungia. Baba alicheka njia nzima. Nilimwambia ashike yeye usukani, akakataa. "Breki za nyuma bado hazijakaa sawa. Dereva hapandi gari asiloliamini." Nikazitafuta hizo raba za nyuma kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa. Zikaja. Tukafunga. Tukapanga Jumapili.

Ndipo harusi ikaingilia. Mtoto mkubwa wa baba mdogo, aliyekuwa akiishi Buzuruga, alikuwa anaoa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, na kamati ya harusi ikaamua kwamba bwana na bibi harusi watatoka kanisani kwenye gari letu. Hawakuomba. Baba mdogo alikuja kututaarifu.

"Gari la ukoo hilo," alisema. "Mnataka mtoto wetu apande teksi, harafu watu waseme nini?"

Nilisema hapana. Nilisema lina viti viwili, nani ataliendesha na maharusi wakae wapi? Akasema bibi harusi atakaa juu kule nyuma, paa likiwa limefunguliwa, watu wamwone. Nikasema subirini basi Jumapili ipite. Baba mdogo akanitazama kama nimeomba aahirishe Krismasi. Baba akamaliza mjadala kwa neno moja: "Lichukueni." Mtu akiitwa mchoyo kwetu, siku akifiwa atachimba kaburi mwenyewe, na baba alilijua hilo kuliko mimi. Hasira ililala nami kitanda kimoja.

Ijumaa nilikuwa kazini. Jirani alikuja hadi getini kwa baiskeli kuniambia gari limezama. Nilitoka mbio na mabuti yangu ya kiwandani na koti jeupe lenye magamba, nanuka samaki, na nilipofika ufukweni nililikuta limeinamisha pua ndani ya maji, boneti haionekani, sehemu ya nyuma iko juu. Magugu maji yalikuwa yameshaanza kulizunguka. Pale palikuwa na mteremko wa changarawe zamani, madereva wote walioshea hapo. Lakini mji ulikuwa unajengwa, watu wakachimba mchanga wa kuuza, na ukingo wote ulikuwa umemegwa. Ilionekana wazi, udongo mwekundu umekatwa, hata lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa palepale. Injini ilikuwa inanguruma wakati gari linaingia. Ilivuta maji badala ya hewa, na maji hayagandamizwi. Vyuma vinavyoshika pistoni vilipinda kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani.

Aliyekuwa kwenye usukani ni mdogo wake bwana harusi, kijana mtu mzima anayeendesha pikapu ya samaki kila siku ya Mungu. Alikuwa amesimama kwenye maji hadi kiunoni, haongei. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, suruali imelowa hadi magotini. Nilidhani kaitwa kama nilivyoitwa mimi, kajitosa kutaka kuliokoa. Moyo uliniuma kumwona hivyo, na maumivu hayo niliyageuza matusi.

"Wewe huna macho?" nilimfokea yule ndugu yangu. "Kipofu wewe! Hata punda angeona pamekatika!" Nilimwita kipofu mara nyingi, kwa sauti, mbele ya wakwe waliokuja na mapambo ya gari mikononi. Baba mdogo alipojaribu kunituliza akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia haya hayakumwagika, haya yamemezwa, na yeye na kamati yake ndio waliolinywesha. Nikamwambia na mengine ambayo mtoto wa kike hamwambii baba yake mdogo.

Hakuna aliyenijibu. Hicho ndicho kilichonikera. Ningepigwa kofi ningepoa. Walilifunga kamba gari, lori la mchanga likalivuta, wakalisukuma hadi kwetu, kimya. Kesho yake maharusi walitoka kanisani na gari jeupe la Kijapani, matarumbeta yakapigwa, watu wakala pilau. Sikwenda. Jumapili yangu nilishinda nyuma ya nyumba nikikinga kwa beseni oili iliyogeuka kuwa kama uji wa maziwa.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye kikao. Si wao walioitwa, ni mimi. Wazee wa ukoo walikaa sebuleni kwa baba mdogo, nikawasalimu shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba bila kunitazama. Kosa langu lilikuwa kumtukana mzazi mbele ya wakwe. Nikatozwa mbuzi. Gari halikutajwa. Nikauliza: na yeye aliyeingiza gari la watu shimoni anatozwa nini? Baba mdogo akasema, "Kosa la gari ni letu. Tumelibeba. Tuliache hapo." Ndugu yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, kichwa chini.

"Siliachi," nilisema. "Aniambie yeye mwenyewe alikuwa anaangalia wapi."

"Mwacheni," alisema baba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo. "Mbuzi nitatoa mimi. Na huyo kijana msimuulize kitu. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mimi ndiye nilimwambia asonge."

Ndugu yangu sasa akainua kichwa, akaniambia mimi, si wazee: "Dada, nilionaga pamekatika. Nikamwambia, baba mkubwa, hapa naona pabaya. Akasema songa, hapa napajua. Nikasimama. Akasema songa, unabishana na mimi?" Akafuta uso. "Ningefanyaje?"

"Aliyekuwa haoni ni mimi," alisema baba. "Naona mwanga na kivuli. Tangu mvua za masika."

Wote walikuwa wanajua. Siku ileile ufukweni walijua, baada ya kumwona anatoka garini akipapasa maji kwa miguu. Wakaamua kumsitiri mzee, wakaniacha nitukane hadi nichoke, na wakanitoza mbuzi juu yake.

Nafikiri walitegemea nilie. Sikulia. Hasira yangu, badala ya kuisha, ilipata nyumba kubwa zaidi. Nilimkasirikia baba kwa kunidanganya msimu mzima, nikiwa najikata vidole kuwahi tarehe iliyokwisha pita. Niliwakasirikia wao na huko kusitiri kwao. Zaidi ya yote nilimkasirikia yule mtu mzima mwenye macho mawili mazima, leseni mfukoni, aliyeona shimo akaingia kwa sababu mzee kasema. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia, na akavunja injini. Nilimwambia hivyohivyo, na mzee mmoja akasema nitozwe mbuzi wa pili.

Injini tuliifungua tena, ikachukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Iliwaka. Gari ninalo, naliendesha mwenyewe, na huwa nalioshea nyumbani kwa ndoo. Baba alipanda pembeni yangu mara nyingi kabla hajatuacha. Usukani hakuwahi kuushika.

Lakini jioni ile ya kikao tulirudi wawili tu. Tulishuka teksi barabarani tukatembea kwenda nyumbani, na sikuweza kujizuia.

"Jumapili ile, baba. Ungeendeshaje?"

"Ningeendesha."

"Huoni."

"Barabara ya Mkolani naijua. Nimeipita kabla hujazaliwa." Alitembea kidogo. "Na wewe ungekuwa pembeni."

"Ungetuua."

"Kwani ungekataa?" aliniuliza. Hakuniuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.

Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba masikio yalikuwa yanapiga kelele. Tulifika mahali mtaro wa maji unapokata njia, ule usiofunikwa, na nikamshika kiwiko.

Akautoa mkono wangu. "Niache," alisema. "Naona."

Nikamwachia.