Seva Iliyobaki Katoyi

Seva yangu ilikuwa laptop kuukuu yenye kioo kilichopasuka, niliyoilaza juu ya kabati sebuleni kwetu, mtaa wa Katoyi mjini Goma. Ilitunza picha za ukoo na nyimbo za kwaya ya parokia. Umeme ilipata kwenye betri ya paneli ya jua, na intaneti kwenye modemu yenye laini ya Rwanda. Mama aliichukia kwa sababu ya feni yake. Alisema inakoroma kuliko marehemu baba.

Mabomu yalipokaribia, nilivuka mpaka na mke wangu na watoto hadi Gisenyi, upande wa Rwanda. Mama alikataa kabisa.

"Miye nilisha kimbia mingi," alisema. "Mara hii vita itanikuta nimekaa."

Halafu mpaka ukafungwa, na rezo, yaani mtandao wa simu, upande wa Goma ikakatika. Mama hakupatikana tena. Ikabaki seva, kwa ile laini yake ya Rwanda. Kila nilipoiita kwa simu yangu, ilijibu kwamba ipo. Basi nyumba imesimama, nilijiambia, na nyumba ikisimama mama yumo. Niliiita nikila, niliiita kanisani, niliiita hata mke wangu alipokuwa akizungumza nami.

"Subira huvuta heri," aliniambia.

Nikamjibu kwamba heri yenyewe iharakishe basi. Moshi wa mji wetu tuliuona kwa macho, milio tuliisikia, na mimi mwanaume mzima nabofya simu tu. Niliona aibu, na niliogopa sana.

Asubuhi moja seva haikujibu. Nikaita tena na tena, kimya. Nikaamini bomu limeangukia paa letu. Sikula, sikukaa chini. Nilizunguka ua wa wenyeji wetu mpaka mbwa wao akachoka kunibwekea.

Mpaka ulipofunguliwa, nilipita mtaa wa Birere, pale mpakani, bila kusalimia mtu, nikapanda pikipiki hadi nyumbani. Paa lilikuwepo. Uani palijaa familia za wakimbizi wa Masisi zilizokimbia kambi ya mahema ya Lac Vert, na sebuleni mama alikuwa kwenye kiti chake, mzima. Seva ilikuwa imechomolewa na kufunikwa kitambaa. Kwenye betri yangu zilichajiwa simu za watu.

"Mama, nilizani umekufa!" nilifoka hata kabla ya salamu. "Juu ya nini ulizima mashini?"

"Inakula betri bure. Rezo imerudia, na hawa batu wanatafuta batoto yao."

"Ile mashini ndiyo ilikuwa inaniambia kama uko muzima!"

"Na hawa," aliuliza, "wao nani alikuwa anawaambia?"

Hasira ilikuwa bado inanichemka, nikatafuta pengine pa kuimwaga.

"Na simu yako? Mbona haukuniita?"

Akanionyesha sakafuni. Simu zilizosubiri chaji zilipangwa mstari hadi mlangoni, na yake ilikuwa ya mwisho kabisa, imezimika.

"Iko kwa mustari, mutoto yangu. Itafikiwa."

Nikaenda mlangoni, nikakaa chini kando ya simu ya mama, nikaisubiri zamu yake.