Bega Tupu la Joho la Athumani

Haijanitoka akilini, mwanangu, Jumatano ile karakana ya ami yangu pale Likoni iliponyamaza ghafla, na joho la harusi limekwama mashineni, bega moja lina darizi na jingine tupu. Umeniuliza kompyuta utakayofungulia kazi yako ya kadi za harusi huko Kisauni uitie mfumo gani wa kuiendesha. Ngoja nikuhadithie kwanza, maana jibu nililipata siku hiyo.

Ami Salim, ndugu yake baba, alikuwa akidarizi kanzu na majoho ya maharusi. Michoro ilikaa kwenye kompyuta ya mezani, na kompyuta ndiyo iliyoiongoza mashine. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi na kukata nyuzi zilizobaki, lakini macho yangu hayakubanduka kwenye kioo kile. Nilitaka kujua kila kitu. Kilichonishangaza ni kwamba sura ya kompyuta haikubadilika mwaka nenda mwaka rudi, na Ami wala hajali. Nikadhani ni uzee tu.

Kaka yangu Athumani alidhani hivyo hivyo, tena yeye hakuwa mtu wa kuyaweka moyoni. Alikuwa aoe Ijumaa ya wiki ile ile, na joho lililokuwa mashineni lilikuwa lake mwenyewe! Ami alipokwenda Shelly Beach kupeleka sare za hoteli, bwana harusi wetu akachomeka flashi yenye toleo jipya kabisa la mfumo, akalitia. Lilipowaka lilipendeza kweli. Akabonyeza darizi iendelee, na mashine haikutikisika. Mfumo ule mpya haukuitambua kabisa.

Ami aliporudi alitazama kioo, halafu akamtazama kaka yangu.

"Athumani."

"Naam, ami."

"Hili ulonitilia, wenyewe watalitunza hadi lini?"

"Kulitunza vipi, ami? Wallahi hili ndilo jipya kuliko yote!"

"Nakuuliza hadi lini."

Ami akaniambia nitazame kwenye tovuti ya waliolitengeneza, nami nikasoma kwa sauti. Toleo lile lingepata masasisho kwa miezi michache tu, kisha kila mtu ahamie jingine. Lile la Ami lilikuwa limeahidiwa miaka kadhaa, na muda wote huo lilikuwa likipokea marekebisho ya usalama bila kubadili sura wala kuvuruga mashine. Nilifurahi ajabu kulijua hilo, ingawa kaka yangu alikuwa karibu kulia.

Kulishusha upya lile la Ami kwa mtandao wetu wa siku zile kulikuwa safari ndefu, na Ijumaa haimngojei mtu. Ami akashika sindano, akaanza kulidarizi bega lile kwa mkono. Nikakaa karibu yake nikimtungia uzi.

"Ami," nikamuuliza, "kwani wewe huna hamu ya vipya?"

Akacheka. "N'na hamu tele, mwanangu. Nyumbani n'na kompyuta nyingine, kila toleo likitoka nalijaribu kule. Ile ikiharibika, n'tajifunza. Hii ya hapa ikiharibika, kuna mtu atakwenda kuoa na bega tupu."

Athumani alioa Ijumaa baada ya alasiri, mabega yote mawili yamejaa. Hayakufanana, na kwenye kila picha amelitanguliza lile lililodariziwa kwa mkono.

Basi mwanangu, kabla hujapenda sura ya mfumo, uliza utatunzwa hadi lini. Kwa kazi ya watu, chagua toleo lililoahidiwa miaka mingi ya masasisho, na masasisho hayo uyapokee, usiyaahirishe. Miaka yake ikikaribia kwisha, hama mapema, wakati huna kazi ya mtu mkononi. Printa yako ijaribu kwanza kwa mfumo unaowashwa kutoka kwenye flashi bila kuutia ndani ya kompyuta, kabla hujafuta chochote, na michoro yako iwe na nakala mahali pengine. Hamu ya kujua usiiue hata kidogo. Itafutie kompyuta yake.

Mola aibariki mikono yako, akuzidishie hamu ya kujua hadi uzeeni, na asiwepo mtu atakayekosa furaha ya siku yake kwa sababu wewe ulikuwa unajaribu.