Chai ya bure pale kituo cha majani ilivyomnyamazisha shemeji yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Naona vijana mnabishana kama promo ya bure inalipa ama ni kumwaga pesa. Ebu mpeeni mama yenu nafasi. Haya niliyaona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi.

Miaka ya sabini nilikuwa na hoteli ndogo kwa senta moja ya maduka upande wa Bomet. Hoteli ya kula, sio ya kulala. Meza chache, jiko la kuni, na bati lililovuja juu ya meza ile nzuri.

Sisi ni Waluhya. Mume wangu alifanya kazi kwa kiwanda cha chai huko Kericho, na mtaji ulikuwa wa kaka yake mkubwa, shemeji Wafula.

Kabla ya hapo nilikuwa nachuna majani ya chai kwa estate, yale mashamba makubwa ya kampuni. Nani hapa ameshawahi kubeba kikapu mgongoni mvua ya mawe ikimtwanga? Basi huyo anajua. Hoteli ikifungwa, mimi narudi kwa kikapu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha kununua majani. Wakulima wanaleta, wanapimiwa, wanapewa risiti, halafu wanakaa hapo kungoja lori la kiwanda lije kuyabeba. Wamelowa, wanatetemeka, na mfukoni hakuna hata ndururu, kwa sababu pesa ya majani inakuja mara moja kwa mwezi.

Nikasema haya, mwenye risiti ya leo anakunywa kikombe kimoja bure.

Shemeji aliposikia akaja mbio.

"Shemeji, unawapea watu wa chai, chai? Wanalala na chai, wanaamka na chai! Mali bila daftari hupotea bila habari!"

Akaanza kukagua kila Jumamosi. Sukari imeisha, maziwa imeisha, droo inalia. Akatangaza amepata mtu wa kununua hoteli aweke baa.

Nililia, wakuu. Nililia kabisa. Halafu nikashikwa na hasira, na hiyo hasira ndiyo ilinisaidia.

Nikamwambia, "Shemeji, ngoja malipo ya majani yapite. Mara moja tu. Daftari unataka, daftari utapata."

Akakubali, lakini kwa kucheka.

Sasa watoto wa Excel, sikizeni hapa. Hiyo spreadsheet yenu mimi niliitengeneza na uji.

Nilichana kurasa za kitabu cha shule, nikazibandika pamoja na uji mzito mpaka karatasi ikafunika meza nzima. Nikapiga mistari.

Kila mkulima alikuwa na namba yake ya majani, imeandikwa kwa risiti. Namba zikashuka upande wa kushoto. Siku za mwezi zikajipanga juu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukinywa chai ya bure, nachora duara kwa siku hiyo. Ukinunua, naandika pesa yenyewe. Chini kabisa nikaweka sukari, maziwa na kuni.

Mwezi wote ilikuwa maduara tu. Shemeji akipita anachungulia, anasema, "Naona mayai mengi, kuku iko wapi?"

Siku ya malipo ikafika. Shemeji akaja na yule mtu wa baa, wakakaa meza ya kona kama majaji.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Chebet, mama wa Kipsigis ambaye namba yake ilikuwa na maduara mengi kuliko wote. Nyuma yake bwana, watoto, na mama mkwe.

"Chamgei, mama," akanisalimia. "Wakati ya baridi ulinipatia chai. Leo leta nyama. Hawa wote ni wangu."

Wuui! Baada yake mlango haukufungwa tena. Kila anayelipa namuuliza namba ya majani, naandika kwa mstari wake. Watu walikula wamesimama. Yule wa baa alinyang'anywa kiti na nyanya mmoja, akaondoka bila kuaga. Shemeji mwenyewe alijikuta anabeba sahani.

Watu walipopungua nikamwita mezani. Akapitisha kidole polepole. Wenye maduara, karibu wote walikuwa na pesa mwisho wa mstari. Wale wakulima ambao hawakuwahi kuonja chai yangu, wachache sana walikuja. Wengine walienda hoteli ya jirani kama kawaida yao.

Wapo pia waliokunywa mwezi mzima na siku ya malipo wakapotea. Siwafichi, nao wako kwa karatasi.

Tukatoa sukari, tukatoa maziwa, tukatoa kuni. Pesa ikabaki, na ikabaki vizuri.

Shemeji alikuwa anafunga hesabu kila Jumamosi, na mkulima wa majani hana Jumamosi. Ana mwisho wa mwezi.

Akaondoa kidole kwa karatasi. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, hebu nipe chai."

Nikamnyooshea mkono. "Risiti ya majani iko wapi?"

Watu waliangua kicheko! Akatoa pesa, akalipa. Nikampigia mstari wake mpya, bila duara hata moja. Baa haikutajwa tena, na kikapu sikukigusa tena maishani.

Kwa hivyo ukitoa cha bure, usifunge hesabu siku uliyotoa. Ifunge siku mteja wako anapopata pesa yake.

Haya, wewe unayeuza chapati hapo mjini, wateja wako wanalipwa lini? Tuambie hapa chini, na wabishi pia mnakaribishwa.